Kompyuta ya ofisi iliyotumika: nunua, ila usinunue stika

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinitumia picha ya kompyuta ya mezani, kasha jeusi limelazwa juu ya mengine manne yanayofanana nalo, na ujumbe wa mstari mmoja: "Mjomba, hii ni i7, imetoka ofisini, nichukue?" Nikamwambia anitumie namba yote inayofuata baada ya hiyo i7, ambayo ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta. Kimya nusu saa. Ilipokuja, ilikuwa i7-2600. Nikamjibu aiache hapo hapo ilipo.

Alinuna kidogo, na sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemwimbia miaka yote kwamba asikimbilie mashine mpya wakati za ofisi zipo. Hata hii ninayoandikia sasa ni ya ofisi: OptiPlex ndogo inayokaa nyuma ya skrini, ubavuni ina stika ya mali ya kampuni iliyokwanguliwa ikabaki "UHAS" na tarakimu nne. Bila shaka ilikaa kwa wahasibu. Haijawahi kunisumbua. Kwa hiyo swali la kama inafaa kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kwangu lilishajibika: inafaa. Lakini watu wengi wanaonunua hawanunui kompyuta, wananunua stika, ile ya i7 iliyobandikwa mbele.

Kwanza nieleze kwa nini ofisi na si nyumbani. Mtu wa kawaida huuza kompyuta yake ikishaanza kumtesa: inastaki, inajizima, feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Kampuni haiko hivyo. Inanunua au kukodi mashine mia kwa mpigo, zote za aina moja, kwa mkataba wa miaka mitatu, minne au mitano. Muda ukifika zinaondolewa zote siku moja, nzima na mbovu, hata ile iliyokaa kwenye meza ya mtu aliyekuwa safarini muda wote. Iliyoitoa mezani ni kalenda, si ugonjwa. Ndiyo maana nikikutana na rundo la mashine kumi pacha, moyo wangu hutulia zaidi kuliko nikikutana na moja iko peke yake, imepambwa taa za rangi.

Halafu zinavyotengenezwa. OptiPlex, EliteDesk, ProDesk, ThinkCentre, na upande wa laptopu Latitude, EliteBook na ThinkPad, hizi ni familia zilizokusudiwa kuhudumiwa na fundi mmoja mwenye mashine mia tatu za kuangalia. Hana muda wa kutafuta bisibisi. Nilipofungua hii yangu mara ya kwanza nilizungusha skrubu moja ya nyuma kwa vidole, nikasukuma mfuniko mbele, ukatoka. Diski imeshikwa na kitako cha plastiki cha buluu unachokibana kwa vidole viwili. Feni nayo inanyanyuka, na chini yake palikuwa na vumbi la kijivu lililoshikana kama sufi, kipande kizima nilikitoa kama ninavyovua soksi. Nikapuliza, nikafuta ile krimu ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya, nikafunga. Robo saa. Jaribu hivyo kwenye laptopu nyembamba ya dukani iliyogundishwa kioo na betri, uone kama hutamwita fundi.

Sasa turudi kwenye i7 ya mpwa wangu, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. i3, i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel ndani ya kizazi kimoja, au jenereshoni kama wauzaji wanavyosema. Hayakuambii mashine ni ya lini. Kinachokuambia ni namba inayofuata kistari. Kwa za mezani, ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndicho kizazi: i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10. Basi i7-2600 ni kizazi cha 2, prosesa ya mwaka 2011. Ilikuwa mfalme enzi zake, ina koa nne, yaani viini vinne vya kufanyia kazi. Lakini i3-8100 ya mwaka 2017, daraja la chini kabisa katika familia yake, nayo ina koa nne na haiionei aibu. i5-8500 iliyotoka mwaka uliofuata ina koa sita na inaiacha mbali. Muuzaji anajua hili. Ndiyo maana stika ya i7 inang'aa mbele na ile namba kamili lazima uiombe.

Na kizazi cha 8 si namba ya urembo. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021 iliweka mstari: prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana, au prosesa za AMD ziitwazo Ryzen, za mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Windows 10 nayo ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zikafanya hesabu zao. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7, zenye afya tele, zilikosa pa kwenda, zikamwagwa sokoni. Ndizo nyingi unazoziona leo kwa bei inayokutoa jasho la furaha. Hazikushuka bei kwa ukarimu wa mtu.

Atakayekuuzia atakuambia, "Mbona hii ya kizazi cha 4 nimeshaipiga Windows 11 na inafanya kazi?" Kweli inafanya. Mbinu za kuruka ule ukaguzi zipo na mafundi wanazijua. Ila Microsoft yenyewe haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama wewe ni mtu wa kuchokonoachokonoa, endelea. Kama unamnunulia mzazi wako au unafungulia kaofisi ka kuchapa barua, usijitafutie simu za saa nne usiku. Au weka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Aina zake kama Mint na Ubuntu hazina habari na huo mstari wa Microsoft, na kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari, kizazi cha 6 chenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, kitamtosha miaka kadhaa mbele. Hapo, na hapo tu, ndipo rundo lile la bei ya kutupa lina maana kwangu.

Nimetaja SSD. Kama mashine ina diski ya kuzunguka, ile ya sahani, hesabu kabisa kwamba utaitoa. Husoma megabaiti mia na ushee kwa sekunde inapokwenda vizuri, SSD ya kawaida ya SATA hufika mia tano na zaidi, na pengo la kweli ni kubwa kuliko hilo kwa sababu Windows haisomi faili moja refu, inadokoa vipande vidogo elfu kidogo huku na huku. Diski ya sahani ikidokoa hivyo inahema. Watu wengi waliotupa kompyuta kwa kuwa "imezeeka" walikuwa na diski iliyochoka tu. Ng'ombe hazeeki maini, wanasema. Prosesa nayo haizeeki kwa namna ya kuiona, ila diski huzeeka.

Tena diski ina ulimi. Pakua programu ya CrystalDiskInfo, ifungue, tazama saa za kuwashwa. Kompyuta ya mtu anayeingia ofisini asubuhi na kuizima jioni hula kama saa elfu mbili kwa mwaka. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukikuta diski ya miaka mitano imeandika elfu arobaini na kitu, ujue mashine hiyo haikuwahi kulala, labda ilikuwa ya kamera za ulinzi au seva ya mtu mbahili. Siyo lazima uikimbie. Lakini maneno ya "ilitumika kidogo tu, bosi" yasikupite hivi hivi.

Na sasa jambo lililonikuta mimi. Miaka michache nyuma nilinunua laptopu ya ofisi, siitaji ni ya nani wala niliinunua kwa nani. Kioo safi, kibodi kimetakata, Windows imeshapigwa. Niliitumia wiki mbili. Siku moja nikaamua kuifuta niianze upya, kama ninavyofanya kwa kila mashine. Ilipomaliza na kushika intaneti, badala ya kuniuliza jina langu, ikanikaribisha kwa jina la taasisi nisiyoijua na kunitaka barua pepe ya kazini na nywila yake. Nikafuta tena. Ikanikaribisha tena, kwa adabu ile ile.

Iko hivi: kampuni nyingi husajili utambulisho wa mashine zao kwenye akaunti ya kampuni huko Microsoft, mfumo unaitwa Autopilot. Usajili hauko ndani ya diski. Badilisha diski, piga Windows mara kumi, bado mashine ikigusa intaneti wakati wa kuanza itajua kwao ni wapi. Anayeweza kuifungua ni mwenye akaunti, yaani ile taasisi, ambayo ama ilisahau kuitoa kwenye orodha au haijui kabisa kwamba laptopu yake iko mitaani. Muuzaji wangu alikuwa ameipiga Windows bila kuiunganisha na intaneti, ikapita kimya kimya. Nilipompigia alisema, "Kaka, hiyo ni ndogo tu, ilete, fundi ataruka hapo." Sikutaka kuruka. Nilitaka kujua kama nimenunua mali ya mtu. Nilirudisha, tukabishana, nikapata hela yangu pungufu.

Tangu hapo sitoi hela kabla ya mambo mawili. Nawasha, naingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Ikiniomba nywila asiyoijua muuzaji, nashukuru naondoka, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za ofisi za siku hizi nywila hiyo haifutiki kwa kuchomoa kibetri. Kisha tunaifuta Windows pale pale, kwa intaneti ya simu yangu, mpaka tunaona eneokazi tupu. Inachukua saa nzima na muuzaji anakereka. Akikereka sana napata jibu langu bila kungoja saa iishe. Mbuzi wa kwenye gunia nilishamnunua mara moja.

Mengine ni madogo ila yanauma siku ya kwanza. Kompyuta nyingi za mezani za ofisini hazina Waifai, kwa kuwa zilizaliwa kuchomekwa waya wa mtandao. Nyuma utakuta matundu mawili ya skrini ya aina ya DisplayPort na hakuna HDMI, na skrini yako ina HDMI tu. Pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, mara nyingi ina soketi za mtengenezaji mwenyewe, ikiungua huweki yoyote. Anayetaka kucheza magemu makubwa namshauri atafute kitu kingine: kasha ni finyu, umeme wake ni wati mia mbili na kitu, kadi ya michoro itakayoingia humo ni zile fupi zisizokula zaidi ya wati 75. Hivyo vidude vyote viandike pembeni na bei zake kabla hujasema umepata cha bure: SSD, RAM, Waifai ya kuchomeka, waya, skrini. Kuna mara jumla inakaribia mashine mpya yenye garantii, na hapo mimi huchukua mpya bila aibu.

Laptopu je? Sina moto nazo kama za mezani. Bawaba hulegea, kioo huwa na alama za kubanwa, na betri ndiyo usiseme. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, itakupa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo ilionao leo. Ukikuta imebaki nusu, weka bei ya betri juu ya bei ya laptopu, kisha zungumzeni upya.

Watu hupenda kuniambia kwamba kununua iliyotumika ni kuokoa mazingira. Sikatai. Umoja wa Mataifa ulikadiria taka za umeme za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika hata robo. Lakini nisijipambe, mimi nilianza kununua hizi kwa sababu sikuwa na hela.

Juzi mpwa wangu alirudi. Safari hii alituma namba kwanza, picha baadaye: i5-8500, RAM GB 8, kasha dogo, BIOS haina nywila. Kisha ujumbe wa sauti, amekata tamaa kabisa: "Mjomba, wamechomoa diski. Naona wananipunja."

Nikamwambia hiyo ndiyo ya kuchukua. Ofisi inayojali siri zake huzitoa diski kabla mashine haijapita mlangoni. Kwenye diski moja niliyowahi kuipata bila kufutwa nilikuta fomu za likizo za wafanyakazi wa watu, na sababu za ugonjwa zimeandikwa. Anayeacha vile hawezi kuwa amekumbuka kuitoa mashine kwenye orodha ya Autopilot. Diski utanunua SSD mpya, ambayo ungeinunua tu. Ila usilipe mpaka umechomeka SSD yoyote, umepiga Windows hapo hapo na intaneti ikiwa imewashwa.

Aliazima SSD kwa rafiki yake, akalipa jioni. Usiku akaandika tena: "Mjomba, imewaka vizuri, haijaniuliza kampuni yoyote. Ila inasema leo ni mwaka 2018, na kila tovuti inakataa kufunguka." Nikamtumia picha ya kile kibetri cha duara kinachotunza saa ya kompyuta, CR2032, na mshale unaoonyesha kinapokaa.