Msiilaumu Luku

Jamani, Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikianza kulia tu kwenye seti ya filamu, mshtakiwa ni mtu wa taa. Haya, tupige hesabu. Taa nne za halojeni za wati 1000 zikiwaka saa nane ni uniti 32. Kwa takriban shilingi 356 kila uniti, unapata kama 11,400. Hiyo ni wali kuku wa watu watatu, na soda hawajapata. Mbona wali haulaumiwi?

Pesa inapotelea kwenye joto. Halojeni inageuza karibu umeme wote kuwa joto, mwanga inakupa kama nyongeza ya muuza nyanya. AC ya BTU 12,000, ikijitahidi kweli kweli, inaondoa joto la kilowati 3.5. Wewe umeingiza kilowati nne kwenye sebule ya kukodi, bado hujahesabu watu wanaopumua humo. Na AC yenyewe mtu wa sauti kashaizima, eti inavuma! Basi kila baada ya teki mbili, yaani kurekodi mara mbili, mekapu inateremka, poda inaitwa, taa zinazimwa zipoe, watu wanajipepea na skripti huku siku ya kukodi nyumba inakatika. Hiyo Luku haiiandiki.

Umeme ukikatika ndiyo utacheka. Linaletwa jenereta la kVA 5 kubeba kilowati nne, kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne. Kwa pawafakta ya 0.8, yaani sehemu ya kVA inayogeuka kilowati za kutumika, kVA 5 ni kilowati nne kamili. Mtu wa mekapu akichomeka pasi ya nywele, giza. Halafu linanguruma, kwa hiyo linapelekwa nyuma ya ukuta, mita 50, kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Njiani zinapotea volti kama 20. Halojeni ikipata 210 badala ya 230 inapoteza karibu robo ya mwanga wake na kuwa ya njano, muongozaji anasema picha imefifia, anadai taa ya tano. Ya tano, kwenye waya uleule! Waya wa 4 ungepoteza volti kama nane tu, ila ni mzito na hakuna anayetaka kuubeba. Na ukiuacha wa 1.5 umeviringwa kwenye bobini yake huku unabeba mzigo wote, unajipika wenyewe mpaka plastiki inashikana.

Nunueni LED, basi. Nne za wati 200 zinakupa mwanga unaokaribia huo kwa uniti 6.4, kama shilingi 2,300. Lakini bosi anaenda kununua zile za kumulika geti, kisa rahisi. Nyekundu humo ni ya kutafuta, na ngozi zetu zikikosa nyekundu zinakuwa kijivu. Bibi harusi anatoka na sura ya mgonjwa. Muuzaji akikwambia CRI 95, yaani alama ya taa kuonyesha rangi kwa usahihi, muulize R9, alama ya nyekundu kali, maana CRI inapimwa kwa rangi nane na nyekundu kali haimo kati yake. Halafu weka shata ya kamera 1/500 ya sekunde uiangalie taa: ukiona mistari inapita, mrudishie kabla hajafunga duka.

Cha bure ndicho hawakitaki. Taa ndogo ukiisogeza kutoka mita nne hadi mbili, mwanga unaomfika mwigizaji unakuwa mara nne. Mara nne, bila senti! Lakini muongozaji anataka picha pana ionyeshe sofa, pazia na kabati la vyombo, kwa hiyo stendi zinarudi ukutani.

Mwingine mwerevu anasema tutumie dirisha. Mwanga wa dirisha ni wa bluu, wa halojeni ni wa njano, uso mmoja una mchana na usiku. Ukiivalisha halojeni jeli ya bluu kamili, ile karatasi ya plastiki ya rangi, ilingane na mchana, jeli inakula kama theluthi mbili za mwanga, na isiposogezwa mbali kidogo na lenzi ya taa inaungua, moshi juu. Na hilo jua halikungoji. Mazungumzo yaliyoanza saa nne yakimalizika saa tisa, kivuli cha pua kimehamia shavu la pili.

Sasa LED nzuri zimekuja, joto limepungua, kila mtu kakaa kimya. Mtu wa sauti anavua hedifoni, anainyooshea taa kidole: hiyo ina feni, naisikia, izimeni.