Ndege ya Mafunzo Haichaguliwi kwa Mbio Zake

Imeniudhi kumsikia mkufunzi wa urubani mwenye uzoefu mkubwa akimshauri mwenzake achague ndege ya viti viwili kwa kigezo kimoja tu, yaani ipi inakwenda mbio zaidi ikishatulia angani, na kwamba injini yenye nguvu zaidi ndiyo itakayompa mbio hizo.

Hesabu haikubali. Nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo ukiongeza nguvu kwa asilimia 10 utapata mwendo wa asilimia 3 hivi. Cessna 150 ilitumia injini ya Continental O-200 yenye nguvu za farasi 100, na Cessna 152 iliyoirithi ikapewa Lycoming O-235 ya farasi 110, lakini mwendo wao wa safari hutofautiana kwa takriban noti moja (maili moja ya baharini kwa saa). Diamond DA20-A1, yenye Rotax 912 ya farasi 80 tu, huipita Cessna 152, kwa sababu umbo lake ni laini na jembamba na propela yake hubadilishwa pembe. Anayetaka mbio na atazame bawa na kiwiliwili kwanza.

Nguvu ya ziada hufanya kazi yake wakati wa kupaa. Katika kupanda, sehemu kubwa ya nguvu huishia kuibeba tu ndege hewani, na kile kidogo kinachobaki ndicho kinachoiinua. Kwa hiyo farasi 10 ambao hawaonekani kabisa katika safari huongeza kwa kiasi kikubwa akiba hiyo ndogo. Kitabu cha Cessna 150M kinaahidi futi 670 kwa dakika usawa wa bahari, na cha 152 futi 715, ingawa 152 huruhusiwa kuruka ikiwa nzito zaidi kwa kilo 30 hivi. Ahadi hizo ni za hali ya hewa ya kawaida. Uwanja ukiwa juu na jua likiwa kali, hewa hupungua uzito, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu, propela hukosa cha kushika, na mwanafunzi huiona miti ya mwisho wa njia ikikaribia huku kipimo cha kupanda kikisogea polepole mno.

Nakubali kwamba katika safari ndefu yenye upepo wa mbele mwendo una faida yake. Hata hivyo, katika maili 100 za baharini, tofauti kati ya noti 100 na 105 haifiki dakika tatu, na masomo mengi ya mwanzo ni kupaa, kuzunguka uwanja na kutua.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mwendo, mnunuzi afungue majedwali ya ndege husika, aweke watu wazima wawili, mafuta ya kutosha somo pamoja na akiba, na joto la alasiri la uwanja wake, kisha asome umbali wa kupaa na kasi ya kupanda.