"A couple" ni mbili tu?

Wasemaji wa Kiingereza hawajaafikiana hadi leo juu ya vijineno vyao vya idadi. Omba "a couple of biscuits": mmoja atakuhesabia mbili na kufunga kopo, mwingine atakumiminia tatu, hata nne, wala hataona kosa.

Yule wa kwanza ana hoja. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, "copula", yaani kifungo, na mume na mke huitwa "couple" hadi leo. Lakini haishii hapo. Atakupangia ngazi: "few" (chache) ni tatu au nne, "several" (kadhaa) kuanzia tano. Hapo ndipo ninapoachana naye. "Several" ilianza kwa maana ya vitu vilivyotengana, kila kimoja peke yake. Na "few" ndiyo kabisa haifungiki kwa nambari.

Wapo wanaodai "few" ni nane, kwa kuwa 1 Petro 3:20 inasema katika safina ya Nuhu waliokoka watu wachache, yaani watu wanane. Basi tumsikilize Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Agosti 1940, akisema haijapata kutokea watu wengi kiasi kile wakawiwa na watu wachache namna ile. Wachache hao, askari wa anga walioilinda Uingereza, walikuwa karibu 3,000! Wanane ni wachache mbele ya dunia iliyogharikishwa. 3,000 ni wachache mbele ya taifa zima. Neno hili halihesabu, linalinganisha.

Mfasiri hulijua hilo kwa jasho. "Few students came" ni "wanafunzi waliokuja ni wachache mno": msemaji analalamika. Tia herufi moja mbele, "a few students came", na sasa "walikuja wanafunzi kadhaa": ameridhika. Huenda ni watano walewale. Ukiandika "wachache" kotekote, hesabu haijaharibika, ila umemnyang'anya msemaji hisia yake.

Hata hivyo, ulegevu huu siutetei penye madhara. Karatasi za dawa huko Ulaya zimeyafunga maneno kwa tarakimu: athari iliyo "common" (ya kawaida) inaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, "uncommon" (isiyo ya kawaida) hadi 1 kati ya 100. Ndivyo inavyopasa. Na daktari akimwambia mama mwenye mtoto anayechemka homa arudi baada ya "a couple of days", amtajie siku: Jumatano, au Alhamisi.