Jirani, Ondoa Gari

Saa 11 na nusu alfajiri jirani yangu anawasha gari, kisha huyoo anarudi ndani kuoga. Dakika 15 gari linanguruma chini ya dirisha langu, moshi unanifuata mpaka kitandani. Jana uvumilivu ulinishinda, nikamuuliza. Akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto: "Injini lazima ipate moto kwanza."

Kasema nani? Wazee wetu. Na enzi zao za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, walikuwa sahihi kabisa. Gari la baba lilikuwa na choki ya kuvuta, ya kubana hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi. Ukiirudisha mapema linakohoa na kuzimika mbele ya wageni. Lakini gari la jirani lina injekta za kunyunyiza petroli na sensa, kompyuta inapima joto na kugawa mafuta yenyewe. Choki imekufa, ibada yake imebaki.

Na ibada hiyo inaumiza kilekile inachodai kukilinda. Injini ikiwa ya baridi hulishwa petroli nyingi kuliko kawaida. Isiyoungua hutambaa kwenye kuta za silinda, ikaosha oili inayolinda ringi na pistoni, halafu ikashuka kuchanganyika na oili iliyobaki chini. Mimi pia niliwahi kuwa muumini. Siku moja nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikanusa: petroli! Nikaisugua kati ya vidole, nyepesi, haishiki. Tangu siku hiyo nimeacha. Isitoshe, injini inayonguruma bila kazi huchelewa kupata moto kuliko ile inayotembea taratibu. Na giaboksi je, na beringi za magurudumu? Hizo hazipati joto la maana gari likiwa limesimama, hata uoge mara tatu.

Haya, nusu dakika nakupa, oili izunguke huku unafunga mkanda. Penye baridi ya barafu, ongeza kidogo, na kioo ukikwangue uone njia. Kisha nenda, polepole, usikanyage mafuta kwa hasira mpaka mshale wa joto upande. (Walewale wa dakika 15 ndio wanaotoka getini wakipiga resi!) Wanaowasha ndani ya gereji iliyofungwa sina utani nao: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Yote haya nilimweleza jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba nina hoja.

Leo ameoga dakika 12. Nimehesabu.