Unene wa Kichwa cha Tangi Upimwe Baada ya Kukunjwa

Wiki iliyopita nililetewa mchoro wa tangi la shinikizo ambao, penye kichwa, yaani kifuniko kilichobinuka cha mwisho wa tangi, uliandikwa tu: unene, milimita 10. Haukusema kama huo ni unene wa bamba linaloagizwa au ule unaopaswa kubaki bamba likishakunjwa, na mchoraji aliponiambia kwamba cheti cha kiwanda kinachoonyesha unene wa bamba kinatosha, nilishindwa kunyamaza.

Cheti hakijui yaliyotokea kwenye mashine. Chuma kinapolazimishwa kuwa bakuli huvutika, na kinapovutika hupungua unene. Kichwa chenyewe kilikuwa tayari, kwa hiyo nilikipaka jeli na kukipima kwa mawimbi ya sauti: kileleni milimita 9.7, lakini nilipoteremka kwenye mkunjo, karibu na ukingo wa kuchomelea, kipimo kilishuka hadi 8.9. Kwa kichwa cha duaradufu cha mbili kwa moja (upana mara mbili ya urefu wa duaradufu yake), chenye kipenyo cha milimita 2,000, shinikizo la megapaskali 1, mkazo unaoruhusiwa wa megapaskali 138 na kiungo cha kuchomelea kinachohesabiwa kuwa na nguvu kamili, kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, hutoa milimita 7.25, ukiongeza 2 za kutu, unafika 9.25.

Niliambiwa kwamba pengo la 0.35 ni dogo na tangi halitapasuka kesho. Nakubali kwa shingo upande kwamba kesho halitapasuka. Lakini ikiwa zile milimita 2 zilitengwa ziliwe na kutu kwa miaka 20, basi miaka mitatu na nusu imekwisha kupotea kabla tangi halijajazwa, na atakayesimama kando yake katika miaka hiyo hakuulizwa.

Upungufu wa unene ambao kanuni hizo huruhusu, wa milimita 0.25 au asilimia 6, ule ulio mdogo, ni wa bamba linapotoka kiwandani, si wa kufidia mkunjo. Vilevile kima cha chini cha unene cha milimita 1.5, au 2.5 kwa chuma cha kaboni kwenye hewa iliyogandamizwa, mvuke au maji, hakichukui nafasi ya hesabu. Na anayebadili umbo akachagua kichwa bapa zaidi, ambacho nusu kipenyo ya mkunjo wake ni asilimia 6 ya ile ya kilele, ajue kwamba kwa kipenyo na shinikizo lilelile atahitaji milimita 12.84 kabla ya kuongeza za kutu.

Mchoro nimeurudisha na maneno haya: unene wa chini baada ya kukunjwa, milimita 9.25, upimwe pia kwenye mkunjo. Kichwa kile kimewekwa kando, na bamba la milimita 12 limeagizwa.