Daktari wa jumla afundishwe magonjwa ya ngozi kiasi gani?

Vyuo vingi vya udaktari hulitengea somo la magonjwa ya ngozi wiki chache tu, ilhali daktari wa jumla huletewa wagonjwa wanaojikuna karibu kila siku ya kazi. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa haya kipaumbele. Kwamba yafundishwe, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye nini kiingie katika muda huo mfupi.

Wapo wanaotaka yafundishwe machache, lakini yaive: upele, fangasi, ukurutu, chunusi, majipu. Nawaelewa. Upele wenyewe kuutambua mara nyingi si kazi: muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, na wengine nyumbani wanajikuna pia. Kinachoharibika ni tiba. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikaachwa saa 8 hadi 14, kisha ikarudiwa baada ya wiki moja hivi. Wote wanaoishi pamoja hutibiwa kwa wakati mmoja, hata asiyewashwa. Na muwasho huweza kuendelea wiki kadhaa utitiri, kijidudu kinacholeta upele, ukiwa umeshakufa. Daktari asiyelijua hilo atabadilisha dawa iliyokwisha kufanya kazi. Fangasi nao wakipakwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, muwasho hutulia, kingo za baka hufifia, huku ugonjwa ukiendelea kutambaa. Hayo huyapati kwenye slaidi moja kati ya mia.

Wanaopinga wana hoja nzito: orodha fupi huweza kuua. Ukoma huanza na baka lililopauka, lisilohisi mguso. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ile ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Malengelenge pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni baada ya kuanza dawa mpya ni dharura.

Hata hivyo naegemea kwa wale wa kwanza, kwa sharti hili: magonjwa adimu yafundishwe kama dalili za hatari. Daktari wa jumla hahitaji kuijua melanoma kwa aina zake zote. Anahitaji kuvua soksi za mgonjwa, na kujua la kupeleka kwa bingwa leo na linaloweza kusubiri.

Pande zote mbili husahau rangi ya ngozi. Kinachoitwa wekundu huonekana zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea kwenye ngozi nyeusi, na picha nyingi za kufundishia zimekuwa za ngozi nyeupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha kuziba pengo hilo.

Mtihani nao ubadilike. Ukibaki picha moja na jina moja, mwanafunzi atakariri picha. Apewe mgonjwa, aguse, aulize nani mwingine anajikuna na ni krimu gani imeshapakwa.