Maggie Smith na chai ya Mussolini

Makala yenu ya kumuaga marehemu Maggie Smith, mwigizaji wa Uingereza, imeigusa filamu yake Tea with Mussolini (1999) kwa sentensi moja tu, nami nimesikitika. Mtazameni mule akiwa Lady Hester, mjane wa balozi wa Uingereza anayeishi Florence: Mussolini, dikteta wa Italia, kamnywesha chai, kamwahidi ulinzi, basi picha yao anaing'ang'ania kama hirizi. Juni 1940 Italia inaingia vitani dhidi ya Uingereza, na wanawake wa Kiingereza wanazuiliwa katika mji wa San Gimignano. Wakihamishiwa hotelini Hester anamshukuru Duce (yaani Mussolini), kumbe anayelipa ni Elsa, Mmarekani Myahudi ambaye Hester humdharau! Na chai ile ilinywewa miaka ileile majeshi ya Italia yalipokuwa yakiwamwagia Waethiopia gesi ya sumu. Hilo filamu ingelisema kwa sauti zaidi.